Udongo, maji, moto, hewa na uwazi: Asili tano za yoga zina nini kwa familia ya Nachingwea na Ruangwa?

Kila Juni 21 dunia huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Yoga. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliipitisha siku hiyo Desemba 2014, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika 2015. Picha za watu walioketi mikekani wamefumba macho husambaa kwenye simu, na nyingine huja na maelezo kwamba mwili wa binadamu una asili tano na kwamba ugonjwa ni asili hizo kukosa uwiano.

Mwezi huohuo, katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi, msimu wa kupulizia mikorosho unaingia. Mashine zinanguruma mashambani alfajiri, unga wa salfa unapaa juu ya miti, na katika nyumba zilizo karibu na mashamba wapo watoto wanaoamka wakikohoa. Mzazi mwenye mtoto wa pumu, au mgonjwa wa presha aliyechoka kumeza vidonge kila siku, akikutana na habari za asili tano anaweza kujiuliza: je, hii ni dawa?

Jibu fupi ni kwamba si dawa, lakini si upuuzi pia. Ina manufaa yake ikitumiwa mahali pake, na ina hatari ikipewa kazi isiyo yake. Wiki hii tuipitie asili moja baada ya nyingine, tukiiweka katika maisha ya nyumba ya kawaida ya Nachingwea au Ruangwa.

Asili tano ni zipi?

Wahenga wa India walisema kila kitu chenye umbo, mwili wa binadamu ukiwamo, kimetokana na asili tano: udongo (prithivi), maji (jala), moto (agni), hewa (vayu) na uwazi (akasha). Kitabu cha kale cha Taittiriya Upanishadi kinazipanga kwa mfuatano: uwazi ulizaa hewa, hewa ikazaa moto, moto ukazaa maji, na maji yakazaa udongo. Ndani ya mwili, udongo ulihusishwa na mifupa na nyama, maji na damu na majimaji mengine, moto na joto na usagaji wa chakula, hewa na pumzi na mwendo, na uwazi na nafasi zilizo wazi mwilini pamoja na utulivu wa akili.

Wazo hili si geni kabisa kwa watu wa pwani. Tiba ya Kiyunani, iliyofika kwetu kupitia Waarabu, ilikuwa na asili nne: udongo, maji, moto na hewa. Ndiyo maana hadi leo wazee husema chakula fulani ni cha moto na kingine ni cha baridi, na wapiga ramli hutaja nyota ya moto au nyota ya maji. Kwa Wahindi ipo na ya tano, uwazi.

Msomaji aelewe jambo moja mapema. Huu ulikuwa utaratibu wa watu wa kale wa kupanga walichokiona kabla ya kuwapo maabara. Hakuna kipimo cha hospitali kinachoonyesha kwamba mtu ana "upungufu wa moto" au "hewa iliyozidi". Mtu akikupima kwa kukushika kidole na kukuambia hivyo, kisha akakuuzia dawa, amekuuzia maneno. Asili tano zinafaa kama orodha ya kukumbushia: je, nyumbani kwangu udongo, maji, moto, hewa na nafasi vikoje?

Udongo: mwili wenye uzito na miguu iliyosimama

Nachingwea inaufahamu udongo vizuri. Mwaka 1947 Waingereza walianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Walikuja na matrekta na fedha nyingi, lakini bila kuielewa vya kutosha ardhi na mvua ya hapa. Mwaka 1951 mpango uliachwa. Mwili nao unataka kueleweka kabla ya kulazimishwa.

Katika yoga, asili ya udongo hufanyiwa mazoezi kwa mikao ya kusimama na ya kuinama taratibu. Mkao wa mlima ni rahisi kuliko yote: simama wima, nyayo zote zikiwa chini, uzito umegawanyika sawa kwa miguu yote miwili, mabega yamelegea, kisha pumua. Mwingine ni wa paka: piga magoti na viganja chini, kunja mgongo kwenda juu ukitoa pumzi, ulegeze kwenda chini ukivuta pumzi. Kwa mtu aliyeshinda ameinama akipalilia au akiokota korosho, mikao hii huupa mgongo nafasi ya kunyooka. Tafiti zilizokusanywa kuhusu yoga na maumivu ya kiuno ya muda mrefu zinaonyesha nafuu ipo, ingawa ni ndogo. Maumivu yanayoambatana na ganzi miguuni, kushindwa kuzuia mkojo, au homa na kupungua uzito si ya kufanyia mazoezi. Yapeleke hospitali.

Kuna tahadhari mbili kuhusu udongo wenyewe. Kwanza, wapo wanaosema yoga ifanywe pekupeku juu ya ardhi tupu ili "kuunganishwa na udongo". Kwetu ardhi yenye unyevu na iliyochafuliwa na kinyesi inaweza kuwa na mabuu ya minyoo ya safura, ambayo hupenya kwenye ngozi ya nyayo na baadaye hunyonya damu utumboni. Tandika mkeka, na mtoto avae viatu aendapo chooni.

Pili, wajawazito wengi hula udongo, ule unaouzwa sokoni vipande vipande. Asili ya udongo katika yoga haina maana ya kuula. Hamu hiyo mara nyingi huenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma, na udongo wenyewe unaweza kuzuia chuma kilichomo kwenye chakula kisifyonzwe. Mama mwenye hamu hiyo aseme kliniki, apimwe wingi wa damu na atumie vidonge vya chuma na foliki anavyopewa.

Maji: yaliyo mwilini na yaliyo kwenye ndoo

Mwili wa mtu mzima ni maji kwa takriban asilimia 60, na wa mtoto mchanga ni zaidi ya hapo. Ndiyo maana kuharisha kunaweza kummaliza mtoto haraka kuliko mtu mzima. Hapa asili ya maji si falsafa tena. Mtoto akiharisha, apewe ORS iliyochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, na aendelee kunyonya na kula. Akiwa mlegevu, macho yameingia ndani, anatapika kila kitu au hawezi kunywa, usisubiri kesho.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji ya kunywa hata wakati wa joto. Maji yake yote yamo katika maziwa ya mama. Wanaosema mtoto apewe maji ili "kupooza moto wa tumbo" wanamletea vijidudu. Kwa mtoto mwenye selimundu aliyekwisha kuvuka umri huo mambo ni kinyume: anywe maji mara kwa mara siku nzima, kwa sababu upungufu wa maji unaweza kuamsha maumivu makali.

Masasi na Nachingwea zina mamlaka yake ya maji, MANAWASA, yenye chanzo kikubwa cha Mbwinji. Hata hivyo zipo nyumba katika wilaya hizi zinazotegemea visima, mito na maji ya kuchotwa mbali, na hapo kuchemsha au kutibu maji kunabaki kazi ya nyumbani. Katika msimu wa salfa, ndoo na mapipa yafunikwe kabla mashine hazijawashwa. Na maji kidogo yatengwe kila asubuhi kwa kuosha nyuso za watoto, maana uso mchafu na inzi ndivyo vinavyoeneza vikope, ugonjwa ambao ukirudiarudia hupindisha kope ndani na kuharibu macho.

Yoga ina zoezi la kusafisha pua kwa maji yenye chumvi. Likifanywa vizuri linaweza kumsaidia mwenye mafua ya mzio. Lakini maji hayo lazima yawe yamechemshwa na kupozwa. Maji ya kisima au ya bomba yasiyochemshwa yanaweza kubeba amiba adimu anayepanda hadi kwenye ubongo na kuua. Watoto wadogo wasifanyiwe zoezi hili nyumbani.

Moto: jiko, tumbo na homa

Katika mafundisho ya yoga, agni ni moto wa kusaga chakula. Ushauri wake ni wa kawaida na mzuri: kula kwa wakati, usishibe kupita kiasi, usilale mara baada ya kula. Mwenye kiungulia au kisukari atafaidika na utaratibu huo, mradi asiache dawa zake.

Moto unaotuumiza zaidi ni ule wa jikoni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Kuni zinazofukia ndani ya chumba kisicho na dirisha humuumiza mama anayepika na mtoto aliyebebwa mgongoni. Mei 2024 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kabla gesi au jiko bora havijafika kwako, pikia nje au penye upepo, tumia kuni kavu, na mtoto mchanga asikae jikoni. Mtu hawezi kufanya mazoezi ya pumzi asubuhi dakika kumi, kisha akavuta moshi saa tatu, akategemea mapafu yapone.

Zoezi la kukodolea macho mwali wa mshumaa ili kutuliza akili lisifanywe na mwenye ugonjwa wa macho au kifafa, wala mtoto. Kibatari ndicho kibaya zaidi, kwa sababu kinatoa masizi.

Kisha kuna moto wa mwili, yaani homa. Lindi na Mtwara zimekuwa kati ya mikoa yenye malaria nyingi kuliko wastani wa taifa. Mtoto akichemka, usiseme "moto wake umezidi" ukamkanda kwa majani hadi kesho. Mpeleke akapimwe malaria ndani ya saa 24 tangu homa ianze, na akikutwa nayo amalize dozi yote. Degedege, kushindwa kunyonya, kutapika kila kitu au kupoteza fahamu ni dharura hata iwe usiku wa manane.

Hewa: pumzi ya kuhesabu

Hapa ndipo yoga ina mengi ya kutoa, na ndipo Nachingwea na Ruangwa zina mengi ya kuhofia.

Mazoezi ya pumzi huitwa pranayama. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Ukivuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, kila hesabu ikiwa sekunde moja, unapata pumzi moja kwa sekunde 10, yaani pumzi sita kwa dakika. Mwendo huo wa polepole hutuliza mapigo ya moyo, na tafiti zimeona kwamba ukifanywa kila siku unaweza kushusha presha kwa kiasi kidogo. Kidogo hicho ni nyongeza juu ya dawa na kupunguza chumvi. Vidonge vya presha vikiachwa kwa sababu mtu anahisi ametulia, kiharusi hakitoi taarifa.

Kuhusu pumu, uchambuzi wa tafiti uliofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2016 ulionyesha kwamba yoga huenda inaboresha kidogo dalili na hali ya maisha ya mgonjwa, lakini haikuwa na uhakika kama inaboresha utendaji wa mapafu yenyewe. Kwa hiyo dawa ya kuvuta inabaki mfukoni. Wakati wa shambulio la pumu tumia dawa hiyo kwanza na utafute msaada. Usimwambie mtoto anayehaha "pumua taratibu" halafu ukasubiri.

Salfa nayo inataka uangalifu. Hupulizwa kuzuia ubwiriunga, ugonjwa unaoshambulia maua na majani machanga ya mkorosho, na bila dawa mkulima hupoteza mavuno. Lakini unga wake huwasha macho, ngozi na njia ya hewa. Mwaka 2017 watafiti huko California, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa miaka saba wanaoishi katika eneo la kilimo. Pale ambapo salfa nyingi zaidi ilitumika karibu na makazi yao, watoto walikuwa na mapafu yenye nguvu ndogo na dalili zaidi za pumu. Utafiti huo hauthibitishi kila kikohozi cha Nachingwea, lakini unatosha kumfanya mzazi achukue hatua.

Hatua hizo hazina gharama kubwa. Majirani waambiane siku ya kupuliza ili watoto, wajawazito na wenye pumu wawe mbali. Mpulizaji avae barakoa, miwani na nguo ndefu, na akirudi avue na kuoga kabla ya kumpakata mtoto. Mifuko ya salfa isihifadhiwe chumba cha kulala wala jikoni, kwa sababu salfa ikishika moto hutoa gesi inayokaba. Kwa wanaofanya kazi kwenye madini ya kinywe huko Ruangwa ushauri ni huohuo: vumbi la muda mrefu hubaki mapafuni, na nguo za kazini zisifuliwe pamoja na za mtoto.

Stadi muhimu kuliko zote ambayo mzazi anaweza kuichukua kutoka kwenye pranayama ni kuhesabu pumzi. Mtoto akiwa na kikohozi, mwache atulie, mfunue kifua, tazama saa, hesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni za haraka mno. Kwa wa miezi miwili hadi 11, ni 50 au zaidi. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Ukifikia namba hizo, au ukiona kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, huenda ni nimonia. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Mvuke, mafuta ya kuchua na mikao ya yoga havitibu nimonia.

Uwazi: nafasi ya kupumzika

Uwazi ndiyo asili ngumu kueleweka, lakini labda ndiyo tunayoikosa zaidi. Katika yoga hufanyiwa mazoezi mwishoni: mtu hulala chali, mikono pembeni, macho yamefumbwa, kwa dakika tano hadi kumi, bila kufanya lolote. Mama mwenye watoto wanne na shamba atacheka akiambiwa hivyo. Hata hivyo, mwili usiopumzika hubeba presha, maumivu ya kichwa na hasira ambazo mara nyingi humwangukia mtoto. Wanafamilia wanaweza kumpa mama dakika hizo kumi.

Kwa watoto wa umri wa shule ya msingi, uwazi ni usingizi wa saa 9 hadi 12, simu ikiwa imezimwa. Kwa nyumba, uwazi ni dirisha linalofunguliwa. Chumba chenye hewa inayopita hupunguza hatari ya kuambukizana kifua kikuu, na mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi anapaswa kupimwa makohozi. Vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure. Mficha maradhi kilio humfichua.

Mtu asiyepata usingizi kwa wiki kadhaa, anayelia bila sababu au anayewaza kujidhuru haambiwi atafute utulivu peke yake. Asikilizwe na apelekwe kwa mtaalamu.

Je, ni ibada?

Yoga ilizaliwa ndani ya dini za India, na wapo wanaoifanya kama ibada. Mikao, pumzi na mapumziko vinaweza kufanywa bila wimbo wala jina la mungu yeyote, kama mazoezi mengine ya viungo. Mwislamu au Mkristo mwenye shaka aulize kiongozi wake wa dini, na asijilazimishe. Kutembea, kulima na kucheza mpira navyo ni mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na mtoto wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kila siku.

Ukitaka kuanza

Dakika 15 zinatosha, asubuhi kabla ya kula, mahali pasipo moshi wala vumbi. Simama mkao wa mlima dakika mbili. Fanya mkao wa paka dakika tatu. Keti, pumua nne kwa sita, dakika tano. Lala chali dakika tano. Kunywa maji. Watoto wanaweza kujiunga kwa kuigiza paka na mti, bila kubana pumzi.

Mjamzito, mwenye presha ya juu, ugonjwa wa moyo, kifafa, presha ya macho au aliyefanyiwa upasuaji karibuni asisimame kwa kichwa, asibane pumzi kwa muda mrefu, na asifanye pumzi za haraka za kupuliza kwa nguvu. Mjamzito asilale chali muda mrefu baada ya mimba kukua. Alale ubavu, hasa wa kushoto. Ukipata kizunguzungu, maumivu ya kifua au kukosa hewa, acha mara moja.

Ukienda hospitali ya wilaya ya Nachingwea au Ruangwa, au zahanati ya kijiji chako, mwambie mtoa huduma mazoezi unayofanya na mitishamba unayotumia, na nenda na vidonge vyako vyote. Kama mtoto wako hukohoa kila msimu wa salfa, andika tarehe za kikohozi na siku za kupuliza, kisha umpelekee daktari karatasi hiyo. Itamsaidia kujua kama anashughulika na mafua ya kawaida au na pumu inayohitaji dawa kabla ya msimu ujao.